Ureno, Nchi ya Kazi Zilizofichika

Mwenye uwezo wa kuiona Ulaya ya kusini mara moja tu maishani, na aende Ureno. Nasema hivyo nikijua kwamba Italia ina Roma, Ugiriki ina Athens na Uhispania ina kasri la Alhambra, na kwamba lolote kati ya hayo laweza kumshughulisha mgeni mwezi mzima. Lakini hayo ni makuu ya wanadamu. Anayesafiri ili azitazame kazi za Mwenyezi Mungu atashiba zaidi katika nchi hii nyembamba iliyojibanza ukingoni mwa Ulaya, upande wa machweo, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 92,000 tu. Tanzania inaizidi takriban mara kumi.

Maajabu ya Ureno yana tabia yao. Mengi hayajionyeshi yenyewe. Hujionyesha kwa athari zake. Wimbi unaliona, kilicholiinua kiko kilindini. Chungu unakiona kikifuka mvuke, moto wenyewe huuoni. Mti unauona umechunwa na bado uko hai, na siri ya uhai huo imo ndani ya vijumba ambavyo jicho halivifikii. Muumba alifanya kazi kubwa chini, juu akaacha alama za kumtosha mwenye kuuliza.

Tuanze na wimbi. Nazaré ni mji wa wavuvi kaskazini mwa Lisbon, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Upande wa kusini wa rasi yake kuna ufuko mpana wa mchanga ambako hadi leo samaki huanikwa juani kwenye vichanja vya wavu, na baadhi ya kina mama wauza samaki bado huvaa zile sketi zao saba, moja juu ya nyingine. Majira ya joto watoto huoga hapo bila wasiwasi. Sasa vuka rasi, uangalie upande wa kaskazini, kati ya Oktoba na Machi. Utakutana na bahari nyingine kabisa. Siku za dhoruba mawimbi yake hufikia kimo cha jengo la ghorofa nane. Tarehe 29 Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwa ubao juu ya wimbi lililopimwa mita 26.21, akaweka rekodi ya dunia, huku watu wakimtazama kutoka kwenye ngome ndogo yenye mnara mwekundu wa taa.

Sababu ya yote iko chini ya maji. Sakafu ya bahari hapo imechanwa na bonde lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Linaanzia karibu kabisa na ufuko, kisha linazidi kushuka hadi kina cha mita 5,000, yaani karibu kimo chote cha Mlima Kenya. Mawimbi yanayozaliwa na dhoruba za Atlantiki ya kaskazini yakifika hapo hugawanyika. Sehemu inayopita juu ya bonde haigusi sakafu, kwa hiyo haipotezi kasi. Ile inayopita pembeni, kwenye maji ya kina kifupi, hujikokota na kuchelewa. Zikikaribia nchi kavu, ile ya kasi hupinda, ikaikuta ile ya polepole, zikapandana. Na kama hilo halitoshi, mkondo unaotoka ufukweni huzikabili zote mbili na kuziinua juu zaidi.

Hapo ndipo ninaposimama kidogo. Bonde hilohilo linaloiinua bahari upande wa kaskazini ndilo linaloipunguzia nguvu mbele ya mji, upande ule wanaooga watoto. Chombo kimoja, kazi mbili zinazopingana, na kati yake rasi ambayo mtu huivuka kwa miguu. Wavuvi wa Nazaré, ambao kabla ya bandari kujengwa miaka ya 1980 walikuwa wakizisukuma mashua zao kutoka mchangani moja kwa moja hadi kwenye mawimbi, walijua vizuri pa kuogopa, na wamewalilia jamaa wengi. Wanasayansi walikuja baadaye na vyombo vyao, wakatueleza namna. Namna ni jambo la kushukuru kulijua. Haimpunguzii Mola sifa hata chembe.

Kutoka hapo ukishuka kusini, ukaipita Lisbon, unaingia pwani ya Alentejo, ambako nchi inakatika ghafla na kuanguka baharini. Kwenye rasi ya Cabo Sardão utawaona ndege aina ya korongo weupe, wale wenye miguu mirefu myekundu. Kote kwingine Ulaya korongo hawa hujenga viota juu ya mapaa, minara ya makanisa na nguzo za umeme. Hapa wamejenga juu ya nguzo za miamba zilizosimama katikati ya mawimbi, na haijulikani mahali pengine duniani ambapo korongo weupe huzaliana kwenye magenge ya bahari. Kinda hukua likisikia ngurumo ya Atlantiki chini yake, na siku ya kujaribu mbawa halina uwanja wa kuangukia. Ndugu zao wa Ulaya ya mashariki ndio wanaotujia sisi, kwenye mbuga za Kenya na Tanzania, kule kukiwa na baridi kali. Wengi wa Ureno siku hizi wameacha kuhama. Wamegundua kwamba majalala ya binadamu hayakauki chakula mwaka mzima, jambo ambalo sijui tulihesabu kuwa ni werevu wao au aibu yetu.

Ukiipa mgongo bahari ya Alentejo, unaingia kwenye miti. Ningeambiwa nichague ajabu moja ya Ureno, nikaacha mengine yote, ningechagua mwaloni wa vizibo.

Miti mingi ukiichuna gome pande zote, umeiua. Mwaloni huu huchunwa kiuno kizima, ukabaki na shina jekundu kama kidonda, kisha ukaota gome jingine. Kwa kawaida huchunwa mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 25 hivi. Gome hilo la kwanza ni gumu na halina mpangilio, halifai kizibo. Baada ya miaka tisa huchunwa la pili, nalo bado halifai. Baada ya miaka mingine tisa ndipo linapotoka gome laini la kuzibia chupa. Hesabu mwenyewe: anayepanda mti huu leo hungoja zaidi ya miaka 40 kabla ya kupata faida yake halisi, na mti unaweza kuishi miaka 200. Kwa hiyo mkulima wa Alentejo huvuna alichopanda babu yake, na hupanda atakachovuna mjukuu. Shinani huandikwa kwa rangi tarakimu ya mwisho ya mwaka uliochunwa, ili asije mtu mwenye haraka akauchuna kabla ya zamu yake.

Kazi yenyewe hufanyika kati ya Mei na Agosti, mti unapokuwa na utomvu mwingi na gome kuachia kwa urahisi, na hufanywa kwa shoka. Fundi hupiga kwa kipimo, akisikiliza mlio; akizidisha nguvu atajeruhi ngozi ya ndani, na hapo gome halioti tena sawasawa. Ni miongoni mwa kazi za shamba zinazolipwa vizuri zaidi Ulaya. Fundi hasa ni yule asiyeumiza mti. Karibu nusu ya gome hili duniani hutoka Ureno. Katika kijiji cha Águas de Moura kuna mwaloni mmoja uliopandwa mwaka 1783 na ambao umeshachunwa zaidi ya mara ishirini. Mwaka 1991 peke yake ulitoa kilo 1,200 za gome. Watu wa pale huuita Mpiga Mluzi, kwa sababu ya ndege wanaolia kwenye matawi yake.

Sasa tazama ndani. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome hili, akakiweka chini ya hadubini yake, akaona vijumba vimepangwa kwa safu. Akavipa jina ambalo elimu ya viumbe inalitumia hadi leo: seli. Kwa hiyo mara ya kwanza mwanadamu kuandika kuhusu chembe ambazo mwili wake mwenyewe umejengwa kwazo, alikuwa akitazama gome la mwaloni. Katika sentimita moja ya ujazo kuna vijumba kama milioni 40, vyote vimefungwa, na ndani mna hewa. Ndiyo maana gome huelea, hubonyea na kurudi, halipitishi maji, wala joto halipenyi haraka. Wahandisi wa roketi wamelitumia kukinga vyombo vyao na joto. Lakini halikuumbwa kwa ajili ya roketi wala chupa. Liliumbwa kwa ajili ya moto. Kusini mwa Ureno huungua karibu kila kiangazi, na moto ukipita, miti mingine ikiwa makaa, mwaloni huu huwa umeungua nje tu. Msimu unaofuata huchipua majani kutoka kwenye matawi yaleyale. Mti ulivikwa vazi la kuukinga na maangamizi, na katika vazi hilo sisi tukaruhusiwa kukata kipande kila baada ya miaka tisa.

Katika nchi hiyo ya mialoni na vichaka, upande wa Mértola, amerudi pia paka-mwitu wa Iberia, mnyama mwenye nywele ndefu kwenye ncha za masikio, wa sura inayokaribia ya simbamangu wetu. Mwaka 2002 walikuwa wamebaki chini ya mia moja, wote upande wa Uhispania. Kwa kuwazalisha na kuwarudisha mwituni, idadi yao katika nchi hizo mbili imepita 2,000, na mwaka 2024 waliondolewa kwenye daraja la wanyama walio hatarini kutoweka wakawekwa kwenye daraja lenye nafuu. Usitarajie kumwona. Yatosha kujua kwamba yupo na anakuona.

Nikisifu hivi bila kusimama Lisbon, nitakuwa nimesema nusu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa ikiwaka, ardhi ilitetemeka kwa dakika kadhaa. Walionusurika walikimbilia ukingoni mwa mto Tagus, kwenye uwazi, na huko wakakutwa na tsunami. Mishumaa iliyoanguka ilizaa moto uliowaka siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu. Tetemeko lilitoka chini ya bahari, kusini-magharibi, kwenye mpaka ambako bamba la ganda la dunia lililoibeba Afrika linasukumana na lile lililoibeba Ulaya. Kanisa la watawa wa Carmo liliachwa bila paa hadi leo. Matao yake yamesimama, na juu yake ni mbingu tupu. Wanafalsafa wa Ulaya walibishana miaka mingi juu ya siku ile. Sina jibu walilolikosa wao. Nasema tu kwamba mtu anayekwenda kushangilia uumbaji na aingie Carmo, anyamaze kidogo, kisha atembee mtaa wa Baixa ulio chini yake. Majumba yake yalijengwa upya kwa fremu za mbao zilizofichwa ndani ya kuta ili ziyumbe bila kuvunjika, na husimuliwa kwamba mafundi walizijaribu kwa kuwaamuru askari wapige gwaride kuzizunguka. Binadamu naye alikuwa amejifunza kuficha nguvu ndani.

Moto wenyewe uko visiwani. Azores ni visiwa tisa katikati ya Atlantiki, zaidi ya saa mbili kwa ndege kutoka Lisbon, mahali ambapo mabamba matatu yanakutana: la Amerika ya Kaskazini, la Ulaya na Asia, na la Afrika yetu. Katika kisiwa cha São Miguel, kwenye bonde la Furnas, ardhi hutoa mvuke kandokando ya ziwa. Wenyeji huchukua sufuria, wakapanga humo nyama ya ng'ombe, kuku, nguruwe, soseji, kabeji, karoti, viazi na magimbi (ndiyo, magimbi haya haya), wakaifunga, wakaifukia shimoni alfajiri. Baada ya kama saa sita huivuta kwa kulabu, chakula kimeiva bila kuni wala gesi. Msomaji Mwislamu na aulize mapema, maana nguruwe hakosekani kwenye sufuria ya kawaida. Samaki wa visiwa hivyo wanatosha kumsahaulisha. Kisiwa hicho pia kina shamba la chai la Gorreana, linalochuma tangu 1883. Mtu wa Kericho au Mufindi atajiona nyumbani kidogo.

Na moto huo haujamaliza kazi. Septemba 1957, kando ya kisiwa cha Faial, bahari ilianza kuchemka. Volkano ya Capelinhos ililipuka kwa muda wa miezi 13, ikaongeza nchi kavu ambayo haikuwapo, na majivu yakaifukia sehemu ya chini ya mnara wa taa. Maelfu ya watu walihamia Marekani. Mnara uko bado, umesimama mbali na bahari uliyowekwa kuilinda. Wazee wa Faial wameiona kwa macho yao siku ambayo ardhi iliumbwa, jambo ambalo wengi wetu tunalisoma tu.

Maji yanayovizunguka visiwa hivyo hupitiwa na aina zaidi ya ishirini za nyangumi na pomboo. Mkubwa kati ya wakaaji wake ni yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba, anayezama zaidi ya kilomita moja gizani kutafuta ngisi. Hadi miaka ya 1980 waliwindwa kwa mikuki. Vibanda vya mlimani walimokaa walinzi wenye darubini, wakiwaashiria wavuvi, vingali vinatumika, na kazi ni ileile ya kutafuta pumzi ya nyangumi ikiruka juu ya maji. Siku hizi wanaoitwa ni watalii.

Kisiwa cha Madeira nitakipita haraka, si kwa sababu ni kidogo kwa uzuri. Juu ya milima yake kuna msitu wa aina iliyofunika sehemu kubwa ya Ulaya ya kusini mamilioni ya miaka iliyopita, kabla baridi na ukame havijaufuta barani. Hapo ulibaki, hekta zipatazo 15,000, na mwaka 1999 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Miti yake ni ya familia moja na mdalasini, mparachichi na mkulo wa milima ya Usambara. Msitu huu huvuna ukungu: matone hukamatwa na majani, yakadondoka, yakazama kwenye mwamba, yakatokea chini kama chemchemi. Wakulima wakachimba mifereji membamba kandokando ya milima kuyapeleka mashambani, na njia za kuitunza mifereji hiyo ndizo anazotembea mgeni leo. Ukifika Fanal asubuhi, miti ile ya kale ikiwa ndani ya wingu, utaelewa kwa nini watu hushusha sauti bila kuambiwa.

Habari za Algarve, pwani ya kusini kabisa, sisemi. Fuko zake za mchanga wa dhahabu na mapango yake ni mazuri mno, nao ulimwengu mzima unajua, kiasi kwamba mwezi wa Agosti utaona migongo ya watu zaidi ya bahari. Nenda Mei au Septemba.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, safari ya ndege kwa kawaida huunganisha Istanbul, Dubai, Doha au mji mwingine wa Ulaya. Utahitaji viza ya Schengen, na ombi lake liwahishwe miezi kadhaa. Chagua msimu kwa kile unachokitaka, kwa maana maajabu haya hayaji pamoja: mawimbi ni ya baridi, mialoni ni ya kiangazi, korongo wa magengeni ni wa majira ya kuchipua. Mvua ya Azores haina msimu.

Na kuna kituo kimoja ambacho Mswahili asikikose. Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Lisbon, nyuma ya kioo, kuna chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kimo chake sentimita 73, cha dhahabu iliyorembwa kwa rangi, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka. Kinahusishwa na sonara Gil Vicente, na kilikamilika mwaka 1506 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Vasco da Gama aliitoza kwa vitisho kutoka kwa mtawala wa Kilwa mwaka 1502, akaifikisha Ureno mwaka uliofuata. Kabla ya hapo ilikuwa imesafiri kutoka ndani ya kusini mwa bara, kwa njia ya bandari ya Sofala, na kabla ya yote Muumba alikuwa ameifukia katika miamba ya Afrika, kama alivyofukia bonde la Nazaré na moto wa Furnas. Itazame kwa macho mawili, la kustaajabu na la kukumbuka. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu, basi panga siku nyingine.